Gia za Difu Zataka Kipimo

Je, lori la kijiji linalia "wuuu" kwa nyuma? Huenda gia za difu zimelika. Mara nyingi chanzo ni mafuta ya difu kupungua. Likipanda mlima Sekenke hivyo, laweza kukwama njiani na vitunguu vyetu vikaoza.

Ndani ya difu mna pinioni na krauni. Pinioni ni gia ndogo. Huzungushwa na propela shafti. Krauni ni gia kubwa. Huzungusha ekseli za magurudumu. Gia hizi hutengenezwa kwa jozi. Basi usibadili moja tu.

Fundi ahitaji jeki, stendi imara, spana, kifaa cha kung'olea beringi, na geji ya kupimia nafasi kati ya meno. Meno yakibanana sana, hupata moto. Yakiachana sana, hugongana na kuvunjika. Kwa hiyo fundi huyapaka rangi, huyazungusha, kisha hutazama alama. Alama ikae katikati ya jino.

Muulize fundi: "Geji unayo?" Kama hana, asifungue. Gia mpya ikifungwa kwa kukisia, itakufa upesi kama ile ya zamani. Vijana wetu wajifunze kazi hii. Vyuo vya VETA hufundisha ufundi wa magari.