Kumvisha pete mchumba: Swali kwanza, shamrashamra baadaye

Na Mwandishi Wetu

MUZIKI unazimwa ghafla. Mhudumu anasogea na keki, na kijana aliyekuwa ameketi na mwenzake anapiga goti, mkononi akiwa na kiboksi chenye pete. Wateja wa meza za jirani wanainua simu zao kupiga picha. Binti anafunika uso kwa viganja, na ukumbi mzima unasubiri neno moja kutoka kwake.

Tukio la namna hii si geni tena katika hoteli na fukwe za Dar es Salaam, na wengi huliona kuwa kilele cha mapenzi. Hata hivyo, lipo jambo ambalo wapangaji wake husahau: je, binti huyo ana nafasi ya kusema hapana, au hata kuomba muda wa kufikiri?

Mbele ya umati, nafasi hiyo ni finyu mno. Akikataa, atamwaibisha mwenzake. Akikubali kwa kuona haya, atakuwa ametoa ahadi ambayo moyo wake haujairidhia, na ukweli utajitokeza baadaye, pengine wakati kadi za michango zimekwisha kusambazwa.

Kwa sababu hiyo, kinachofaa kuwa siri ni siku, mahali na namna ya kuuliza. Nia ya kuoana haipaswi kumshtua mtu. Kabla ya kununua pete, wawili hao wawe wamekwisha kuzungumza kuhusu dini, watoto, kazi, fedha na mahali watakapoishi. Asiyejua mwenzake atajibu nini, bado hajafikia hatua ya kupiga goti.

Suala la pili ni familia. Kupiga goti na kutoa pete ni desturi iliyotoka ng'ambo, na pete ya almasi ilipata umaarufu mkubwa zaidi kutokana na kampeni ya matangazo ya kampuni ya De Beers, ambayo kaulimbiu yake ya kuiita almasi ya milele ilitungwa Marekani mwaka 1947. Kwetu, posa hupitia kwa mshenga, anayepeleka barua kwa wazazi wa binti pamoja na fedha za kishika uchumba, kisha hungoja majibu.

Pete haiondoi barua. Wazazi wanaopata habari za uchumba wa binti yao kupitia picha za mitandaoni huweza kuona wamedharauliwa, na mshenga akapokewa kwa uso mkavu. Njia iliyo salama ni kumuuliza mwenzako faraghani, yeye akamdokeza shangazi au mama, kisha barua ikapelekwa. Pete inaweza kuvishwa baadaye mbele ya pande zote mbili, hapo ndipo vigelegele vina mahali pake.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, inataka kila anayeoa au kuolewa aridhie kwa hiari yake. Inamruhusu aliyevunjiwa ahadi ya ndoa kudai fidia mahakamani, lakini isiyozidi hasara ya gharama alizoingia kutokana na ahadi hiyo. Aidha, zawadi iliyotolewa kwa sharti kwamba ndoa itafungwa inaweza kudaiwa irudishwe endapo ndoa haikufungwa. Mahakama, hata hivyo, haimlazimishi mtu kuoa au kuolewa kwa sababu tu aliwahi kuahidi.

Ukishajiridhisha kwa hayo, maandalizi yenyewe hayahitaji utajiri. Chagua mahali penye maana kwenu wawili: pale mlipoonana mara ya kwanza, benchi la ufukweni mlilozoea kukaa, au sebuleni baada ya chakula mlichopika pamoja. Epuka siku ambayo mwenzako ana msiba, mtihani au uchovu wa safari. Usitumie sherehe ya harusi ya mtu mwingine; siku hiyo ina wenyewe.

Kuhusu pete, azima kwa siri ile anayoivaa kwenye kidole hicho hicho, kisha umpelekee sonara aipime. Tanzanite, jiwe linalochimbwa Mererani mkoani Manyara, hupendeza, lakini ni laini kuliko almasi na hukwaruzika upesi. Mwenye kazi za mikono ashauriwe kuivua anapofanya kazi. Kuificha pete ndani ya keki au glasi ya kinywaji ni mzaha wa hatari, kwani inaweza kumkwama kooni.

Maneno nayo yawe machache na ya kwako mwenyewe. Mweleze kwa nini umemchagua yeye, muulize swali waziwazi, kisha nyamaza umsikilize. Akiomba muda, mpe bila kununa. Anayefikiri kabla ya kujibu anaonyesha kwamba ameelewa uzito wa alichoulizwa.

Waswahili husema shughuli ni watu, na siku ya harusi watu watajaa. Lakini swali hili ni la wawili, na jibu lenye thamani ni lile ambalo mwenzako angelitoa hata kama pasingekuwa na mtu wa kupiga makofi.