Namba Zinafika, Sababu Zinabaki Zahanati

Juma hili nataka tuzungumzie kumbukumbu za ofisi, na mahali zinapowekwa siku hizi.

Tangu miaka ya 1990 zahanati zetu zinatumia MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni vile vitabu vipana: kimoja cha wagonjwa wa nje, kingine cha wajawazito, kingine cha wanaojifungua. Mwisho wa mwezi muuguzi huhesabu mstari kwa mstari, hujaza fomu, na fomu huenda wilayani. Zamani ilijumlishwa huko, ikajumlishwa tena mkoani, halafu wizarani. Ikifika juu, zahanati yenyewe haionekani tena.

Kufikia 2013 wilaya za Tanzania Bara zilikuwa zimeingizwa kwenye DHIS2, mfumo unaoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambao Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilisaidia kuuingiza nchini. Kwa lugha nyepesi, ni ghala lenye mlango kwenye intaneti. Mwenye ruhusa na neno la siri anaingia akiwa Maswa, Bariadi au Dodoma, na wote wanaona namba ile ile, ya zahanati ile ile, ya mwezi ule ule.

Chukua Lalago, kwenye njia ya Kolandoto kwenda Mwanhuzi. Ni kata ya wilaya ya Maswa, na Maswa ilikuwa mkoa wa Shinyanga mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Kwa mafaili ya karatasi, mabadiliko ya namna hiyo ni mashaka matupu. Kabati libaki Shinyanga au lipakiwe kwenye lori kwenda Bariadi? Katika ghala la aina hii, mpaka ukibadilika, zahanati inawekwa chini ya mkoa mpya na namba zake za nyuma zinaifuata. Hilo peke yake mimi nalihesabu kuwa faida kubwa.

Lakini namba haijielezi. Tuseme katika zahanati moja ya upande huo, malaria imeshuka kwa nusu mwezi wa nne. Aliye Dodoma atafurahi. Muuguzi anajua kuwa vipimo viliisha tarehe 10, na kwamba mto ulijaa, wagonjwa wakashindwa kuvuka. Mfumo una nafasi ya kuandika maelezo kando ya namba. Isipojazwa, sababu inabaki kichwani mwa mtu mmoja, na mtu huyo siku moja atapata barua ya uhamisho. Anayempokea atakuta vitabu na namba. Akikadiria dawa kwa namba hiyo, mwezi wa nne mwingine ukija na mto usijae, dawa zitaisha watoto wakiwa bado kwenye foleni.

Siwalaumu wauguzi. Mtu aliyehudumia foleni hiyo peke yake tangu asubuhi hana hamu ya kuandika insha jioni. Lakini insha haihitajiki. Kabla ya uhamisho, anayeondoka na anayeingia wakae saa mbili na mtu wa takwimu wa wilaya, wafungue miezi 12 iliyopita, na kila namba iliyoruka ghafla iandikiwe sababu yake. “Vipimo viliisha” ni maneno mawili tu.