Nani Mwakilishi Bora wa Mwaka?

Nchini Kenya, wananchi wakiombwa kupendekeza mwakilishi bora wa mwaka katika mabunge 47 ya kaunti yaliyoanza mwaka 2013, jina litajwalo kwanza mara nyingi huwa la yule aliyelipa karo au kuchangia matanga. Mama aliyesaidiwa kumtoa marehemu wake hospitalini atamwandika huyo huyo, na nani atamlaumu?

Lakini Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, yamtaka mwakilishi awe karibu na wapiga kura wake, apate maoni yao na kuyafikisha bungeni. Tena yamkataza kujiingiza katika utendaji wa serikali ya kaunti. Zahanati ikikosa dawa, si yeye wa kuzileta. Wake ni kuuliza fedha zilikwenda wapi. Swali haliliwi, ndiyo maana husahauliwa upesi.

Basi, akina mama na akina baba, kabla ya kuandika jina ulizaneni: alisimama bungeni mara ngapi, akasema nini? Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 196, imeagiza vikao vifanywe hadharani. Mlango u wazi, ingawa nauli ya kufika huko ni juu yenu.