Peleti za vumbi la mbao: pima maji kwanza, mashine baadaye

Swali limekuwa lilelile kila nikipita Mafinga: "Afisa, haya malundo ya vumbi la mbao yanayochomwa bure, siwezi kuyageuza peleti nikauza?" Unaweza. Ila wengi mnaanza kuulizia bei ya mashine, wakati pesa inapotelea kwenye maji.

Peleti ni vipande vidogo vigumu, unene milimita 6 hadi 8, kama chaki iliyokatwakatwa. Gundi haihitajiki. Mti una lignini yake, ambayo hulainika kwa joto la msuguano pale vumbi linaposukumwa kwenye matundu ya mashine, na ikipoa inashika. Kwa hilo kufanyika, vumbi liwe na unyevu wa asilimia 10 hadi 15 hivi. Likizidi, peleti zinatoka laini na kupasuka. Likiwa kavu kupita kiasi, matundu yanaziba.

Sasa piga hesabu. Vumbi la paina iliyopasuliwa mbichi laweza kuwa nusu maji. Tani 1 ya namna hiyo ina kilo 500 za mti mkavu na kilo 500 za maji. Ukikausha mpaka asilimia 10 unabaki na kilo 555 tu. Kwa hiyo tani 1 ya peleti inadai ubebe kilo 1,800 za vumbi, na kilo 800 ziende hewani. Mwenye lori anakutoza kwa tripu, hajali umebeba nini.

Kupima ni rahisi. Chukua gramu 100, kausha kwenye oveni nyuzi joto 105, pima tena na tena mpaka uzito usishuke. Zikibaki gramu 60, unyevu ni asilimia 40.

Jua la bure lipo, lakini kwa Mufindi mvua na ukungu vinakula miezi mingi. Anika tabaka jembamba kwenye turubai, geuza kwa reki, hifadhi chini ya bati. Usirundike bichi ghalani. Lundo bichi hupata joto lenyewe na linaweza kushika moto. Njia ya mkato ni maranda ya mafundi seremala, kwa sababu mbao zao huwa zimeshakauka. Shida ni kwamba wafugaji wa kuku nao wanayagombania kwa ajili ya kutandika banda, kwa hiyo bei si ya kutupwa.

Halafu ile mashine ya peleti za chakula cha kuku: msidanganyike. Mti unadai shinikizo kubwa zaidi, sahani nene, na mota yenye nguvu, mara nyingi umeme wa fezi tatu. Ukiilazimisha mashine ya pumba, roli zinaisha mapema. Mchanga nao unasaga matundu, kwa hiyo usikwangue vumbi mpaka ardhini, na weka sumaku ya kunasa misumari.

Mabaki ya nguzo za umeme zilizotiwa dawa usiguse kabisa. Dawa hiyo mara nyingi ina chromi, shaba na aseniki, na moshi wake ni sumu jikoni.

Soko je? Serikali imeshapiga marufuku kuni na mkaa kwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, kwa hiyo shule zinatafuta mbadala. Lakini peleti haziwaki vizuri kwenye jiko la kawaida la mkaa. Zinataka jiko lake, mara nyingi lenye feni ya kusukuma hewa. Ukimuuzia mkuu wa shule gunia bila jiko, umemuuzia usumbufu, na atarudi kwenye kuni kimyakimya. Mimi ningetafuta shule moja kwanza, nijue wanapika kilo ngapi za maharage kwa siku na jiko atanunua nani, ndipo nizungumze na muuza mashine.

Peleti zikishatoka zipoe kabla ya kufungwa, na gunia likae juu ya mbao, mbali na unyevu, maana zikilowa zinarudi kuwa vumbi. Ghala lenye shehena kubwa liwe na madirisha. Peleti zilizorundikwa hutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, haina harufu na inaua, kwa hiyo fungua milango muda wa kutosha kabla hujamtuma mtu kuingia.