Jani lenye tundu halina ubaya, ogopa sumu iliyo juu yake

Jua la Dar es Salaam likianza kuwaka mwezi Desemba, fungu la mchicha sokoni nalo huanza kuwa dogo. Familia nyingi hujibu kwa kupanda mboga zao nyumbani. Ukipita mitaa ya Kimara, Tabata au Mbagala utaona viroba vya udongo vimepangwa ukutani, ndoo zilizotoboka zimeoteshwa bamia, na kijituta cha matembele pembeni ya bomba ambapo maji ya kuosha vyombo yanamwagika.

Ni jambo la kupongezwa. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na wengi wetu hatufikii hapo. Mboga iliyo hatua kumi kutoka jikoni huliwa mara nyingi kuliko ile ya kupandia daladala.

Tatizo ni kwamba joto linalotuchosha sisi ndilo linalowanenepesha wadudu. Vidukari, ambao wengine huwaita wadudu mafuta, ni mfano mzuri. Jike huzaa bila kuhitaji dume, na kwenye joto mtoto wake naye huwa mzazi baada ya wiki moja hivi. Ukiwaona wachache Jumapili chini ya jani la bamia, Jumapili inayofuata jani zima limejikunja na linanata. Utitiri nao hupenda ukame, na inzi weupe huruka kama vumbi ukitikisa mche wa nyanya.

Hapo ndipo mtu hukimbilia dawa.

Neno moja, vitu viwili

Mama mmoja wa Kimara alinionyesha dawa yake. Ilikuwa kwenye chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita, nyeupe kama maziwa, haina lebo, imewekwa dirishani karibu na sufuria. Aliipima kwa muuzaji wa mtaani. Mchicha alikuwa ameupulizia jana yake, na alipanga kuuchuma kesho kwa ajili ya wajukuu. Nilipomuuliza kama haogopi, alinishangaa: si dawa hiyo, mwanangu?

Lugha yetu inachangia kutuponza. Kinachoshusha homa ya mtoto ni dawa, na kinachoua kiwavi nacho ni dawa. Lakini hicho cha pili ni sumu, na mwili wa binadamu nao huathirika. Baadhi ya viuatilifu huvuruga mishipa ya fahamu ya mdudu, na vikiingia mwilini kwa wingi huvuruga ya mtu kwa njia ileile. Mtoto yuko hatarini zaidi kwa sababu mwili wake ni mdogo na viungo vyake bado vinakua.

Kiuatilifu kilichosajiliwa huwa na maelezo ya siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna. Zinaweza kuwa tatu, saba, kumi na nne au zaidi, kutegemea aina ya sumu na zao lenyewe. Mchicha huwa tayari wiki tatu au nne tu baada ya kupandwa, na ukishaanza kuuchuma unauchuma mara kwa mara. Ukipulizia sumu ya kusubiri siku 14, karibu nusu ya maisha ya mboga hiyo ni ya kusubiri. Nani anasubiri na watoto wana njaa?

Kuosha kunasaidia, na ni lazima. Osha jani mojamoja kwa maji yanayotiririka kabla ya kukata. Utaondoa vumbi, mayai ya wadudu, vijidudu vya maradhi na sehemu ya sumu iliyo juu. Hata hivyo, zipo sumu zinazonyonywa na mmea hadi ndani ya jani, na hizo hazitoki kwa maji wala kwa chumvi.

Anza na macho, mikono na maji

Bustani ya viroba vinane haihitaji vita ya shamba la ekari. Kila asubuhi unapomwagilia, geuza majani uangalie chini yake, kwa maana wadudu wengi hujificha huko. Viwavi waokote kwa mkono. Vidukari wapige kwa maji yenye nguvu ya bomba, na wengi wakishaanguka hawapandi tena. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, fuata njia yao. Mara nyingi wanawalinda vidukari ili wanywe utomvu mtamu wanaotoa.

Wakizidi, chukua kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, changanya na lita moja ya maji, upulizie chini ya majani jioni. Jaribu kwanza kwenye majani mawili usubiri hadi kesho, kwa sababu sabuni nyingine huunguza mmea. Usipulizie jua likiwa kali, na usitumie sabuni ya unga wala yenye dawa ya madoa.

Mwarobaini nao unafanya kazi. Twanga mbegu zilizokauka, loweka gramu 50 kwa lita moja ya maji usiku kucha, chuja, upulizie jioni. Chupa yake ifungiwe mbali na watoto: mafuta ya mwarobaini yakimezwa na mtoto mdogo ni hatari, hata kama mti uko uani kwenu.

Kwa nyanya, adui mkubwa ni kantangaze, mdudu aliyetoka Amerika ya Kusini na kuripotiwa nchini mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, na amekuwa sugu kwa viuatilifu vingi. Usimfukuzie kwa chupa. Ng'oa majani yenye michirizi na nyanya zilizotobolewa, zitie kwenye dumu lenye kifuniko na uliache juani. Ukiweza, funika miche kwa chandarua cha matundu madogo.

Tandaza nyasi kavu juu ya udongo ili unyevu udumu, maana mmea wenye kiu hushindwa haraka. Ndoo na madumu ya kumwagilia yafunike au yageuze. Maji yaliyotulia ni mazalia ya mbu wa homa ya dengue, ambayo iliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019.

Ukilazimika kupulizia

Nunua kwenye duka la pembejeo lililosajiliwa, kiuatilifu kikiwa kwenye chombo chake na lebo inayotaja zao lako. Cha pamba kisitumike kwenye mchicha. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA) ndiyo inayosajili bidhaa hizi. Tazama mstari wa rangi kwenye lebo: nyekundu ni sumu kali zaidi, hufuata njano, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye makali kidogo. Vaa glavu, funika mdomo na pua, watoto wawe mbali, kisha andika ukutani tarehe ya kupulizia na tarehe ya kuvuna. Usihamishie sumu kwenye chupa ya maji wala ya soda.

Mtu akimeza au kuvuta sumu anaweza kutokwa na mate na jasho jingi, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo na kupumua kwa shida. Usimtapishe, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Vua nguo zilizoloa, osha ngozi kwa sabuni na maji, na macho yasuuze kwa maji safi kwa dakika 15. Akilegea mlaze ubavu. Mwahishe hospitali na ubebe chombo cha sumu hiyo, kwani daktari atahitaji kujua ni sumu gani.

Na ukichuma mchicha wako ukakuta majani mawili matatu yana matundu, usiyatupe. Mdudu amekula kidogo, nawe osha, pika, mle kilichobaki.