WANAOUZA MANENO
Kampuni iliyokuzwa na wateja ikazikwa na mteja

Ndugu msomaji, ukifungua gazeti, au ukiketi jioni na jamaa zako kusikiliza taarifa ya habari, utasikia kwamba kampuni fulani imetoa msaada wa madawati, kwamba benki fulani imekanusha uvumi, kwamba mwekezaji fulani anawatakia wananchi heri. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyeyaandika maneno hayo kabla hayajamfikia mwandishi wa habari? Mara nyingi si mwenye kampuni wala si mwekezaji. Ni mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo, ambaye jina lake hulioni popote.

Katika mashirika yetu tumemzoea ofisa uhusiano. Huyo anakula mshahara wa shirika lake, na akisema neno tunajua anamsemea nani. Lakini wako wengine ambao huungana, wakafungua kampuni, wakauza ushauri wa mawasiliano kwa yeyote mwenye fedha. Leo wanakiandikia kiwanda cha sabuni, kesho serikali ya nchi ya mbali, keshokutwa tajiri aliye mahakamani. Kampuni ya namna hiyo haina mitambo wala ghala. Mali yake ni watu walioketi mezani, orodha ya wateja, na imani ya wahariri kwamba wanayopelekewa si uongo. Ikipata mteja mkubwa huajiri watu. Ikishaajiri, hulazimika kutafuta mteja mwingine ili mishahara ipatikane mwisho wa mwezi. Hapo ndipo penye mtego, na hakuna ulioonekana wazi zaidi kuliko ule ulioinasa kampuni ya Bell Pottinger ya London mwaka 2017.

MIZIZI YA BIASHARA

Biashara yenyewe ni kongwe. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwandishi mmoja wa magazeti mjini New York, Ivy Lee, aliacha kuandika habari akaanza kuwaandikia matajiri, kwa kushirikiana na mwenzake aliyeitwa George Parker. Mwaka 1906, wenye migodi ya makaa ya mawe walipokuwa wakivutana na wafanyakazi wao, Lee aliwapelekea wahariri tamko fupi. Alieleza humo kwamba ofisi yake si ya siri, kwamba kazi yake itafanyika mchana kweupe, na kwamba mhariri atakayetaka kuhakikisha jambo lolote atasaidiwa kwa moyo mkunjufu. Kwa zama zile, ambapo matajiri hawakuona haja ya kumweleza mtu yeyote chochote, hilo lilikuwa jambo jema, na hata leo hii sijaona kanuni bora zaidi ya kazi hiyo.

Kanuni ni kitu kimoja, na ada ya mteja ni kingine. Tarehe 20 Aprili 1914, huko Ludlow katika jimbo la Colorado, askari walishambulia kambi ya mahema ya wachimbaji makaa waliokuwa kwenye mgomo. Wanawake 2 na watoto 11 waliokuwa wamejificha katika shimo chini ya hema walikufa, moto ukiwaka juu yao. Kampuni kubwa katika migodi ile ilikuwa mikononi mwa ukoo wa Rockefeller, na Rockefeller akamwajiri Lee. Vijarida alivyovisambaza nchini kote viliisafisha kampuni, na baadhi ya yaliyoandikwa humo hayakuwa kweli. Mwandishi Upton Sinclair akampachika jina la "Ivy wa Sumu". Jina hilo lilimkaa vyema, maana "ivy" kwa Kiingereza ni mmea utambaao, na Marekani upo wa jamii nyingine ambao ukikugusa ngozi hukuwasha siku kadhaa.

WATU NA WATEJA

Sasa tuje London. Tim Bell alijipatia umaarufu katika kampuni ya matangazo ya Saatchi & Saatchi, iliyomsaidia Margaret Thatcher kushika madaraka mwaka 1979. Tangazo lao mashuhuri lilionyesha mstari mrefu wa watu wasio na kazi, kama kwamba Uingereza nzima imepanga foleni. Ukweli ni kwamba hawakuwa watu waliokosa kazi hata kidogo. Walikuwa vijana wachache wa chama cha Thatcher mwenyewe, waliopigwa picha mara kadhaa, kisha picha zikaunganishwa. Uchaguzi ulikwishapita zamani, na foleni ile bado husifiwa katika madarasa ya matangazo.

Bell alipoanzisha kampuni yake ya ushauri, wateja walimfuata. Baadaye, akiwa na mwenzake Piers Pottinger, jina likawa Bell Pottinger, na ofisi zikaenea hadi Mashariki ya Kati na Asia. Wakati mmoja orodha ya wateja ilikuwa na mabenki na wenye viwanda. Wakati mwingine ilikuwa na serikali ya Belarus chini ya Alexander Lukashenko, na mke wa Rais wa Syria wa wakati ule, Asma al-Assad. Kazi iliyotanua kampuni kuliko zote ilitoka katika vita vya Iraq. Mwaka 2016 waandishi wa habari za uchunguzi walifichua, na Bell mwenyewe akathibitisha, kwamba wizara ya ulinzi ya Marekani iliilipa kampuni hiyo zaidi ya dola milioni 500 kwa kazi ya propaganda huko Baghdad. Kwa kipindi fulani watumishi wake kule, Waingereza na Wairaq, walikaribia 300, wakitengeneza filamu na habari ambazo nyingine hazikutaja ni nani aliyezitengeneza.

Tafakari jambo hilo, ndugu msomaji. Ivy Lee alisema ofisi yake si ya siri. Karne moja baadaye, siri ndiyo iliyokuwa bidhaa ghali kuliko zote dukani.

PAUNI 100,000 KWA MWEZI

Mwanzoni mwa mwaka 2016 Bell alikwenda Johannesburg kwa shughuli za ndugu watatu wa ukoo wa Gupta, waliohamia Afrika Kusini kutoka India katika miaka ya 1990. Walikuwa wamejenga utajiri katika kompyuta, migodi, gazeti na televisheni, na wananchi wengi walikuwa wakilalamika kwamba urafiki wao na Rais Jacob Zuma unawapa sauti hata katika uteuzi wa mawaziri. Wao walikana. Kampuni yao ya Oakbay ikatia mkataba na Bell Pottinger kwa pauni 100,000 kila mwezi.

Kazi ilikuwa ni kuugeuza mjadala. Badala ya watu kuuliza Gupta wamepata nini, waulize "mtaji hodhi wa Wazungu" umewanyima nini Waafrika. Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu ndipo ulipo ujanja wenyewe. Neno hilo halikubuniwa London. Lilikuwapo katika midomo ya wanaharakati wa Afrika Kusini kabla ya mkataba huo. Wala si uongo kwamba utawala wa Makaburu uliacha ardhi, migodi na mabenki mikononi mwa wachache. Mtu wa Soweto aliyelisikia neno hilo kwenye redio alisikia maisha yake mwenyewe yakielezwa. Asichokijua ni kwamba machungu yake ya kweli yalikuwa yakitiwa moto na watu waliokaa London, kwa fedha za ukoo uliotaka macho yatazame upande mwingine. Uongo mtupu ungegundulika mapema. Kweli iliyoazimwa ni ngumu kuitambua.

Katika mitandao ya kijamii zikaonekana akaunti nyingi bandia zikishambulia wakosoaji wa Gupta. Mhariri Ferial Haffajee alitengenezewa picha za kumvunjia heshima. Bell Pottinger ilikana kuziendesha akaunti hizo. Miongoni mwa waliolengwa katika kampeni hiyo alikuwamo tajiri Johann Rupert, na kampuni yake ya Richemont ilikuwa mteja wa Bell Pottinger kwa miaka mingi! Rupert aliwaeleza wanahisa wake kwamba washauri wake mwenyewe ndio waliomgeuka. Mtu akisikia hivyo hucheka, lakini si kichekesho kwa kampuni ambayo mali yake yote ni kuaminiwa.

Mwaka 2017 barua pepe nyingi za ukoo wa Gupta zilivuja, na waandishi wa Afrika Kusini wakazichambua moja baada ya moja. Chama cha Democratic Alliance kikapeleka malalamiko katika chama cha wanataaluma wa uhusiano cha Uingereza. Tarehe 4 Septemba 2017 chama hicho kiliifukuza Bell Pottinger kwa muda usiopungua miaka mitano, kwa kuwa kampeni yake ilichochea chuki za rangi. Mkurugenzi mkuu, James Henderson, alikuwa amejiuzulu siku moja kabla. Bell, ambaye alikwishaondoka kampuni hiyo mwaka 2016, alihojiwa katika televisheni huku simu yake ikilia mfukoni, si mara moja. Mshauri wa mawasiliano aliyesahau kuzima simu!

WALIOKUWA MEZANI

Wateja waliondoka kama ndege waliotupiwa jiwe. HSBC ilijitoa, Investec ilijitoa, na Acacia, iliyokuwa ikichimba dhahabu Tanzania, nayo ilijitoa. Tarehe 12 Septemba, siku nane tu baada ya hukumu, kampuni ilikabidhiwa kwa wasimamizi wa ufilisi.

Makala nyingi zilizoandikwa baadaye ziliwahusu mabwana wakubwa, na kidogo sana ziliwahusu wafanyakazi. Kampuni ilikuwa na watu zaidi ya 200 Uingereza. Waliogusa kazi ya Afrika Kusini walikuwa wachache. Wengine waliandika habari za nyumba za kupanga, za hisa, za vyakula. Walikuwa na kodi za nyumba na watoto wa shule kama wewe na mimi. Katika kiwanda cha nguo, mashine moja ikiharibika, ya jirani huendelea kufuma. Katika nyumba ya maneno haiwezekani hivyo, kwa kuwa wote hutumia jina moja, na barua ya kijana wa chumba cha pili, hata iwe ya kweli tupu, mhariri haifungui.

Bell alifariki mwaka 2019. Zuma alijiuzulu Februari 2018, na tume ya Jaji Zondo ikatumia miaka mingine minne kuchunguza namna dola ilivyotekwa. Ama tawi la Bell Pottinger la Asia, lenye makao Singapore, lilijitenga na London mwezi ule ule wa Septemba 2017, likajiita Klareco, na watu wake wakaendelea kuwapigia simu wahariri kwa jina hilo jipya.