Injini Ngeni, Maji Yake na Mshale wa Joto

Katika njia za Monduli na Loliondo, na kadhalika ng'ambo ya mpaka katika nyanda za Samburu, zingalipo Land Rover za Series III, zilizoundwa baina ya mwaka 1971 na 1985, ambazo bodi na chesisi zake zimedumu ilhali injini zake za petroli, zenye sentimita za ujazo 2286, zimekwisha kuchakaa; na wenye kuzimiliki, madhali dizeli inawafaa zaidi na vipuri vya Kijapani havikosekani madukani, aghalabu huzing'oa injini hizo wakafunga mahali pake za Toyota, Nissan au Isuzu. Kazi hiyo mafundi wetu huitenda kwa ustadi unaostahili sifa, kwani kuoanisha injini ya taifa moja na gia boksi ya taifa jingine si jambo dogo. Walakini liko jambo ambalo huachwa hadi jioni ya siku ya mwisho, fedha zikiwa zimekwisha na mwenye gari anadai ufunguo wake, nalo ni maji yanayopoza injini, pamoja na geji inayompa dereva habari za maji hayo. Nami nashikilia kwamba gari lisitoke gereji mpaka mawili haya yamethibitishwa kwa kipimo, wala si kwa kukisia.

Katika joto lote linalozaliwa na mafuta ndani ya silinda, takriban theluthi moja ndiyo igeukayo kuwa nguvu ya kuendesha gari, theluthi nyingine hutokea kwenye ekzosi, na iliyobaki, au karibu yake, sharti ichukuliwe na maji hadi kwenye rejeta na kutupwa hewani. Rejeta ya zamani yamkini itamudu kazi hiyo, mradi iwe imesafishwa mirija yake, na feni ielekee katikati yake, ikiwa ndani ya kava inayolazimisha upepo upite kwenye rejeta badala ya kuzunguka pembeni. Midomo ya injini ngeni na midomo ya rejeta haielekeani, wala haina upana mmoja. Basi fundi mwenye hadhari huunga kwa bomba la chuma lenye ukingo uliovimba kidogo, ili mpira usichomoke presha ikipanda, na mpira wa chini, ambao pampu huunyonya, huutia waya wa springi ndani usije ukabanana injini inapokwenda mbio.

Kifuniko cha rejeta nacho kina hesabu yake. Maji katika sufuria huchemka kwa digrii 100 pale Mombasa, lakini Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, huchemka kwa digrii 94 au 95. Presha iliyozuiwa na kifuniko ndiyo inayoyachelewesha, hata kile cha paundi 13, ambacho magari mengi ya Kijapani hukitumia, kikafikisha kiwango cha kuchemka digrii 119 pwani na kama 115 Nairobi. Rejeta ya Series III ilifanyiwa kifuniko cha paundi 9, na kuibandika cha 13 kabla ya fundi wa rejeta kuipima ni kuialika ipasuke viungo.

Adui mkubwa kuliko yote ni hewa. Injini mpya ikikaa juu kuliko rejeta, hewa hujikusanya katika silinda hedi, mahali penye moto mkali, na maji hayafiki hapo. Dawa yake ni tangi dogo lililofungwa juu kupita sehemu zote, lenye mpira mwembamba unaotoka kilele cha hedi, na kujaza maji polepole, gari likiwa limeinuliwa pua, kifuniko kiwe wazi mpaka themostati ifunguke na mapovu yakome. Na hapa sina budi kukataza desturi ya kuitupa themostati kwa dai la kwamba nchi yetu ni ya joto: katika injini nyingi za Kijapani, themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato maji yanapopata moto, na ikiondolewa, sehemu kubwa ya maji huzunguka ndani ya injini bila kuonana na rejeta, injini ikachemsha kwa sababu ya tiba yenyewe.

Ama geji, hiyo ndiyo yenye kuhadaa zaidi. Sensa iliyo katika maji ni kizuizi cha umeme ambacho hupungua kadiri joto linavyozidi, na kila geji ilifanyizwa kwa kuafikiana na sensa yake. Hivyo sensa ya Toyota ikiunganishwa na geji ya Kiingereza, mshale utasogea, utapendeza macho, na hautasema kweli. Njia iliyo salama ni kuitumia sensa ya Land Rover yenyewe, na kwa kuwa hesi zake hazilingani na tundu la injini ya Kijapani, hukerezwa kiungo cha shaba nyeupe, hesi za ndani zikiwa za Kiingereza na za nje za Kijapani. Sensa hii ina waya mmoja tu, na umeme wake hurejea kwa kupitia hesi hizo hizo. Fundi akizizungushia tepu nyingi ya bomba, mshale utaonyesha baridi hata maji yakiwa ya moto. Wako waitiao sensa kwenye kiungo kilichokatiwa katikati ya mpira wa juu: hao wakumbuke kwamba mpira haupitishi umeme, basi kiungo hicho sharti kipewe waya wake wa ardhi, na tena kwamba mahali hapo, themostati ikigoma kufunguka, maji hayapiti, geji ikanyamaza huku hedi inaungua. Mahali pake pa haki ni upande wa injini, kabla ya themostati, penye maji yanayotembea.

Katika Series III, geji ya joto na ile ya mafuta zote mbili hulishwa na kidhibiti kimoja cha volti 10; zikipotoka pamoja, usiinunulie injini sensa nyingine, kitazame kidhibiti hicho na waya wake wa ardhi. Uthibitisho wa yote hauna gharama: sensa hutiwa katika sufuria ya maji mekoni pamoja na kipimajoto, waya wake umeungwa kwenye geji na mwili wake kwenye bodi ya gari, na kila mshale unapofika, digrii 60, 80 na 95, huandikwa katika karatasi, kisha kioo cha geji hutiwa nukta ya rangi kwenye kiwango ambacho dereva hapaswi kukivuka.

Limebaki jambo ambalo kila dereva wa gari la namna hii aambiwe kwa kinywa siku ya kukabidhiwa. Gari likiwa linapanda mlima, mshale uliokuwa juu ukashuka ghafla hadi baridi, asifurahi: yamkini maji yamemwagika yote, sensa imebaki katika hewa, na hedi iko katika kupinda. Azime injini papo hapo, wala asikiguse kifuniko mpaka rejeta iweze kushikwa kwa mkono mtupu.